Filamu Waliyoikataa Mlangoni

Oktoba 2003, filamu ya Jane Campion iitwayo In the Cut ilipoingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani, kampuni ya CinemaScore iliwauliza watazamaji wa mwanzo wanaipa alama gani. Waliipa F. Ni filamu chache mno zilizowahi kupata alama hiyo, maana mtu aliyekata tiketi kwa hela yake huwa tayari anatamani kuipenda filamu aliyoilipia. Wahakiki nao hawakukubaliana. Kuna walioona hadithi ya upelelezi iliyoharibiwa na mapambo, na kuna walioona kazi ya msanii mkubwa. Zaidi ya miaka 20 imepita na ubishi haujaisha, ingawa watetezi wake wameongezeka. Toleo hili linaweka tahakiki mbili zinazopingana, ya kwanza ikiisifu filamu na ya pili ikiikataa. Hatukuwaomba waandishi wapatane, na mimi mwenyewe nina upande.

Kwa asiyeijua: Frannie Avery ni mwalimu wa Kiingereza jijini New York. Hukusanya maneno ya mitaani, na husoma mashairi yanayobandikwa ndani ya treni za chini ya ardhi, mpango ambao jiji hilo liliuanza kweli mwaka 1992. Siku moja anashuka chini ya baa kutafuta choo na kumkuta mwanamke akimstarehesha mwanamume gizani. Uso wa mwanamume hauonekani. Kinachoonekana ni tatuu ya karata kwenye kifundo cha mkono wake. Baadaye mwanamke yule anauawa. Mpelelezi Malloy anapokuja kumhoji Frannie, ana tatuu ileile. Frannie anaiona, anaogopa, na bado anamtamani.

Hapo ndipo watazamaji walipoachana njia. Walioingia wakiuliza muuaji ni nani walipata jibu dhaifu. Watu wanaoweza kushukiwa ni wachache, na mtazamaji makini hukisia mapema. Mwandishi wetu wa pili analisema hili bila kuuma maneno, na hapo simbishii. Lakini Campion alikuwa akiuliza swali lingine: mwanamke afanye nini na hamu yake, ikiwa mwanamume anayemtamani anaweza kuwa ndiye atakayemuua? Swali hilo halifungwi kwa kumtia mtu pingu. Linabaki hata baada ya muuaji kujulikana, na ndiyo sababu filamu hii huweza kutazamwa mara ya pili na ya tatu wakati filamu nyingi za upelelezi huishiwa uzito siri inapofichuka.

Sasa kuhusu urembo wake, kwa maana shutuma kubwa ilikuwa kwamba picha ni nzuri mno na hadithi ni kidogo mno. Mpiga picha alikuwa Dion Beebe. Katika fremu nyingi ni sehemu ndogo tu inayoonekana wazi: jicho, mdomo, ukingo wa kikombe. Zilizobaki zimeyeyuka katika ukungu wa rangi ya kahawia na kijani kilichoiva. Kamera hutetemeka kidogo, hugeuka kuchungulia kitu pembeni, hukikosa, hurudi. Ukitembea peke yako usiku katika mtaa usiouamini, unaona hivyohivyo: jambo moja linakukaa machoni kwa ukali, na yote yanayokuzunguka ni vivuli ambavyo huna hakika navyo. Ukungu ule ndio hofu yenyewe. Ukiuondoa ili njama ionekane vizuri, utakuwa umebaki na kipindi cha polisi cha televisheni.

Chukua pia zile picha za barafu, zilizopakwa rangi ya picha za kale. Frannie anawaza jinsi baba yake alivyomposa mama yake juu ya barafu, kisa cha mapenzi ya ghafla alichokulia nacho. Kinaporudi baadaye, vyuma vya viatu vya baba vinakata miguu ya mama. Hakuna mhusika anayetueleza maana yake. Campion ametwaa hadithi ambayo wasichana hulelewa nayo, ya kuposwa na kuvishwa pete, akaonyesha makali yaliyokuwamo tangu mwanzo. Muuaji wa filamu hii naye huwavisha pete wanawake anaowaua. Sijui mwongozaji mwingine wa filamu za aina hii aliyethubutu kusogeza posa na mauaji karibu kiasi hicho.

Linganisha na Basic Instinct ya Paul Verhoeven, ya mwaka 1992, filamu iliyovuma duniani kote na kuigwa sana. Pale mpelelezi ni mwanamume, na fumbo ni mwanamke: mwili wake, uongo wake, miguu yake anapohojiwa. Sisi tunakaa upande wa wanaomtazama. Campion aligeuza viti. Anayetazama ni Frannie, na mwili unaochunguzwa kwa hamu na mashaka ni wa Malloy, anayeigizwa na Mark Ruffalo. Naamini sehemu ya hasira ya mwaka 2003 ilitokana na kugeuzwa huko, hata kama wenye hasira walisema tatizo ni njama.

Sehemu nyingine ya hasira hiyo ilimwangukia Meg Ryan, aliyeigiza Frannie. Nafasi ile awali ilikuwa ya Nicole Kidman, aliyejiondoa akabaki kuwa mmoja wa watayarishaji. Ryan alikuwa mpenzi wa watazamaji kwa filamu za mapenzi ya kuchekesha, kuanzia When Harry Met Sally ya 1989 hadi You've Got Mail ya 1998. Hapa alikuja na nywele za kahawia, uso mzito, mwili uchi na uchovu. Mahojiano yake ya televisheni na Michael Parkinson huko Uingereza mwaka huohuo yalikuwa ya baridi hadi yakawa habari. Miaka mingi baadaye Parkinson alisema hadharani kwamba anajuta. Ilinisikitisha wakati ule na inanisikitisha leo kwamba mwigizaji aliadhibiwa kwa kuigiza vizuri mtu ambaye watu hawakutaka awe. Ni kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya.

Limebaki la mwisho wa filamu. Asiyetaka kuujua aiangalie kwanza. Riwaya ya Susanna Moore, iliyotoka mwaka 1995, inamwacha Frannie akifa huku bado anasimulia. Moore na Campion, walioandika pamoja muswada wa filamu, waliamua aishi: anampiga risasi muuaji chini ya mnara mwekundu wa taa, anarudi nyumbani na damu mwilini, analala kando ya Malloy, ambaye Frannie mwenyewe alikuwa amemfunga pingu. Mwandishi wetu wa pili anauita mwisho huu woga, anasema riwaya ilisema kweli na filamu ikawabembeleza watazamaji. Nimeisoma hoja yake mara nyingi kuliko nyingine yoyote katika toleo hili. Jibu langu ni kwamba tulikwisha kuona wanawake wa kutosha wakifa ili hadithi ipate uzito, na kumwacha hai mwanamke aliyetamani bila kumwomba radhi mtu lilikuwa jambo gumu zaidi. Yeye hakukubali. Mwandishi wa kwanza naye, licha ya sifa zote anazoimwagia filamu, kwenye hili yuko upande wa yule anayempinga.