Ukienda Nyumbani Desemba, Kaa na Mzazi Wako

Ndugu zangu tunaoishi mbali na wazazi,

Desemba mabasi ya Moshi yatajaa, na wengine tutakuwa njiani kuelekea Mbeya, Bukoba na Songea. Nawaomba safari hii, kabla ya kuchinja na kupokea wageni, tutenge siku nzima ya kukaa na wazazi wetu na kuwaangalia vizuri.

Kwa simu hatutajua. Mama atasema hajambo, anamshukuru Mungu, miguu ni uzee tu. Anachelea usije ukaacha kazi na watoto ukapanda basi kwa ajili yake. Pengine naye ameshaamini kwamba kuumwa ndiyo stahili ya umri wake, ilhali maradhi mengi yanayowaangusha wazee hutibika au hutulizwa yakigunduliwa mapema.

Suruali ya baba ya mwaka jana imemlegea? Usiku anaamka mara kwa mara kwenda msalani, kidonda cha mguuni hakifungi? Mpeleke apimwe sukari. Akimimina chai ikamwagika nje ya kikombe, huenda ni mtoto wa jicho, na ugonjwa huo hutibiwa kwa upasuaji. Muulize taratibu kama ameanguka karibuni, maana wazee huficha. Kisha omba kuona dawa zake. Wapo wanaokata kidonge cha presha nusu ili kifike mwisho wa mwezi, na wapo wanaoacha kabisa wakijisikia vizuri. Presha huweza kukaa kimya miaka mingi hadi siku ya kiharusi. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, msisubiri kukuche. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Lipo linaloniuma kuliko yote. Mama anauliza swali lilelile kila baada ya muda mfupi, anapotea njia ya shamba aliyoipita tangu ujana, anamtuhumu mkwewe kumwibia fedha. Majirani wanaanza kunong'ona. Tunajua minong'ono hiyo iliishia wapi, hasa Kanda ya Ziwa: vikongwe waliuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa macho mekundu tu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni miaka nenda rudi. Kusahau kwa namna hiyo huwa ni ugonjwa wa ubongo. Na akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, mara nyingi chanzo kinatibika: maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, hata dawa mpya aliyoanzishiwa. Wewe mwanawe uwe wa kwanza kusema mbele ya watu kwamba mama anaumwa.

Mzazi hahojiwi kama mtuhumiwa. Mwambie, "Baba, twende wote tukapime presha," nawe upime kweli. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Ulizeni lilipo kabla ya kupanga foleni.

Na kabla ya yeyote kukata tiketi ya kurudi, kaeni ndugu mkubaliane nani atampeleka kliniki, nani atatuma fedha za dawa kila mwezi, na jirani gani awapigie simu hata kama mzee mwenyewe amemkataza.