Mtoto aliyeletwa kutibiwa mdomo asiuawe na kuhara

Kila inapofanyika kambi ya upasuaji wa bure kwa watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka au miguu iliyopinda, hesabu tunayosomewa jioni ni ya waliopasuliwa. Hatusomewi hesabu ya wale waliolazwa wakingoja zamu, wakashikwa na kuhara na kutapika siku ya tatu, upasuaji ukaahirishwa, nao wakarudishwa Bondo, Mbita au Muhoroni wakiwa wembamba kuliko walivyokuja. Watoto hao hawana safu yao katika ripoti. Nadhani wakati umewadia wa kuwatafutia.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Aghalabu huletwa na virusi, na aliye maarufu kati ya hivyo ni kile kiitwacho rota. (Nasema kirusi kwa umoja na virusi kwa wingi kwa sababu Kiswahili kimekwisha kuliingiza neno hili la Kilatini katika ngeli ya KI-VI, na sioni haja ya kuligombeza.) Mwaka 1973 Ruth Bishop na wenzake mjini Melbourne, Australia, walikitambua kirusi hicho kwa darubini ya elektroni katika matumbo ya watoto waliokuwa wakihara. Thomas Flewett wa Uingereza ndiye aliyependekeza jina la rota, yaani gurudumu, kwani ndivyo kinavyoonekana: duara kama gurudumu la baiskeli. Kingine ni norovirusi, kilichopewa jina la mji wa Norwalk, jimbo la Ohio, Marekani, kulikozuka kuhara shuleni mwaka 1968. Hicho hakijapata chanjo iliyoidhinishwa.

Wasomaji wengi wa pwani ya ziwa, wakisikia kuhara, hufikiria maji ya Ziwa Viktoria, magugumaji, na mitaro ya Nyalenda na Obunga. Kwa kipindupindu fikira hiyo ni sahihi. Kwa rota inapotosha kidogo. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani, awe wa Kisumu au wa Stockholm, alikuwa amekwisha kuambukizwa rota kabla ya kutimiza miaka mitano. Usafi wa nchi tajiri haukukizuia. Kilichowaokoa watoto wao ni kufikishwa upesi kwenye maji ya mishipa. Kirusi hiki hupita kutoka kinyesi hadi mkono, kutoka mkono hadi kijiko, kitasa au ukingo wa kitanda, na hukaa hapo siku kadhaa kikingoja mdomo. Basi fikiria wodi ya watoto ilivyo katika hospitali zetu nyingi za umma: watoto wawili kitanda kimoja, mama au nyanya analala hapo hapo, mfereji mmoja ulio mwisho wa ukumbi, na sabuni ambayo kila mmoja huja na yake. Kwa kuwa rota huchukua siku moja hadi tatu kujitokeza, madaktari husema kuwa kuhara kunakoanza baada ya saa 48 tangu mtoto alazwe kumepatikana hospitalini. Kwa maneno mengine, tulimpa sisi.

Kwa nini nawataja hasa waliozaliwa na ulemavu? Kwanza, hukaa hospitalini muda mrefu na hurudi mara kwa mara. Pili, mwili wao hauna akiba. Mtoto mwenye kaakaa lililopasuka hawezi kunyonya vizuri, hivyo hulishwa kwa kikombe na kijiko; kila chombo ni mlango mpya wa kirusi, na maziwa ya mama, ambayo ni kinga, huyapata kwa shida. Mwenye tundu moyoni akiishiwa na maji yu hatarini, na akiongezwa maji kwa haraka kupita kiasi yu hatarini vile vile. Mtoto mwenye kichwa kikubwa kwa sababu ya maji ya ubongo huwa fumbo gumu zaidi. Wauguzi hufundishwa kutazama utosi: ukibonyea, mtoto ameishiwa na maji. Utosi wa mtoto huyu umevimba kwa ugonjwa wake, na dalili hiyo hujificha. Akitapika, je, ni tumbo, au mrija aliowekwa wa kutolea maji kichwani umeziba? Jibu la kwanza lamtaka apewe maji ya chumvi na sukari. La pili lamtaka arudishwe chumba cha upasuaji usiku huo huo. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini hana nafasi ya kulitegua fumbo hilo.

Jambo linaloniuma ni kwamba eneo hili hili limeufundisha ulimwengu mengi kuhusu rota. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, ambayo kituo chake kiko Kisian nje kidogo ya Kisumu, imeshirikiana na shirika la Marekani la kudhibiti maradhi, CDC, tangu 1979. Kati ya 2007 na 2009 watoto wa Karemo, Siaya, walishiriki katika jaribio la chanjo ya rota lililofanywa pia Ghana na Mali, na matokeo yake yakachapishwa 2010. Uchunguzi mwingine mkubwa wa nchi saba, uliochapishwa 2013, ulihusisha eneo hilo pia, ukaonyesha kuwa miongoni mwa watoto wasiotimiza mwaka mmoja rota iliongoza kila mahali katika kuleta kuhara kukali. Julai 2014 Kenya iliiingiza chanjo hiyo katika ratiba yake, matone ya mdomoni katika wiki ya 6 na ya 10. Siaya na Kilifi, waliolazwa kwa sababu ya rota walipungua sana. Chanjo haizuii yote. Hapa kwetu kinga yake dhidi ya kulazwa imekadiriwa kuwa thuluthi mbili hivi, chini ya ile ya Ulaya. Hata hivyo thuluthi mbili ni watoto wengi.

Tatizo ni kuwa katika wiki ya 6 na ya 10 mtoto ninayemzungumzia huenda yuko wodini, na kitabu chake cha kliniki kiko nyumbani. Kliniki ya chanjo ni jengo jingine, na idara yake ni nyingine. Baadhi ya madaktari huchelea kumchanja humo ndani kwa kuwa chanjo hii ni ya kirusi hai kilichodhoofishwa na huweza kutoka katika kinyesi. Hofu hiyo ina msingi, lakini uchunguzi wa hospitali ya watoto ya Philadelphia uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa ni nadra mno kwa chanjo hiyo kumwambukiza jirani wa kitanda. Shirika la Afya Duniani nalo lililegeza mnamo 2013 masharti ya umri, hivyo aliyechelewa anaweza bado kupewa kabla ya miaka miwili. Wapo pia wasioweza kuipokea kabisa, hasa wenye hitilafu za utumbo zinazoweza kuufanya ujikunje ndani yake. Hao kinga yao ni watoto wa jirani waliochanjwa, na mikono iliyonawiwa. Na hapa niongeze kwamba vichupa vya spiriti vilivyotapakaa tangu korona havitoshi. Norovirusi haitishwi sana na spiriti. Inataka sabuni na maji yatiririkayo.

Lugha nayo ina sehemu yake. Nyaraka zetu rasmi huandika "kasoro za kuzaliwa". Kasoro ni neno la bidhaa na la saa. Twasema saa saba kasorobo, yaani kimepungua kitu. Mtoto aliyeandikwa kasoro katika faili huonekana kuwa na shida moja tu, ile iliyomleta, na akihara hudhaniwa kuwa ni udhaifu wake ule ule. Kijijini huenda ikasemwa ni chira, adhabu ya mwiko uliovunjwa. Mjini itasemwa ni meno yanaota. Maelezo yote matatu humaliza swali kabla halijaulizwa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha, na kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma za afya. Sioni jinsi ya kutimiza cha pili huku tukipuuza cha kwanza.

Walimu wanaweza kusaidia kuliko wanavyodhani. Ndugu wa watoto hawa wako madarasani mwao, na ndio hupeleka virusi nyumbani.

Fedha ndiyo hofu yangu kubwa. Mgomo wa wauguzi wa 2017, uliodumu takriban miezi mitano, ulionyesha jinsi kliniki zinavyofungika kwa urahisi. Katikati ya 2025 akina mama walirudishwa mikono mitupu kwa uhaba wa chanjo za kifua kikuu na polio, na Juni mwaka huo huo Robert F. Kennedy Mdogo, Waziri wa Afya wa Marekani, alitangaza kuwa nchi yake itaacha kuichangia Gavi, shirika ambalo limetusaidia kununua chanjo, ile ya rota ikiwemo. Bajeti za kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori husomwa kila Juni. Mwenye nafasi na aisome ile ya kaunti yake, atazame kama mna fungu la mifereji na sabuni za wodi za watoto, na kama hospitali ya rufaa imetengewa muuguzi wa kupita vitandani na chanjo.