Yaliyopita Yanapokuwa Ndwele

Miaka michache iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliacha ghafla kuhudhuria mihadhara. Nilikuwa nikifundisha somo la fonolojia katika ukumbi wenye mlango mmoja tu, nami nilikuwa na mazoea ya kuufunga mlango huo kila nilipoanza kusema, ili kelele za nje zisitusumbue. Kijana huyo alikuwa hodari, mwepesi wa kuuliza na mwepesi wa kujibu. Alipotoweka majuma matatu nilimwita ofisini nikamwuliza kulikoni.

Alinieleza, macho yakiwa sakafuni, kwamba alipokuwa katika shule ya upili aliponea chupuchupu moto ulioteketeza bweni lao usiku. Tangu hapo, kila asikiapo mlango ukifungwa nyuma yake, jasho humtoka, moyo humwenda mbio na pumzi humkatika. Nilimjibu kama ambavyo marehemu baba yangu angenijibu mimi. "Piga moyo konde, kijana wangu," nikamwambia. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Alinishukuru kwa adabu, akaondoka. Hakurudi darasani muhula huo, wala uliofuata.

Nimeitafakari methali hiyo mara nyingi tangu siku hiyo. Ndwele ni maradhi, na kuganga ni kutibu. Wahenga walitaka kutuasa tusipoteze nguvu kwa kuyalilia yasiyorekebishika, na kwa hasara nyingi za dunia walisema kweli. Hata hivyo, lipo kundi la watu ambao kwao yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na yajayo hayagangiki hadi hayo ya nyuma yametibiwa. Mimi, msomi wa lugha, niliitumia methali kumfungia mlango mtu aliyekuwa akitafuta mahali pa kutokea. Nilimpa nasaha, hali yeye alihitaji tiba.

Wasomaji wapenzi, kosa hilo si langu peke yangu. Nchi yetu imeonja shubiri mara nyingi. Mwaka wa 1998 ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ulilipuliwa kwa bomu, watu zaidi ya 200 wakafa na maelfu wakajeruhiwa. Mwaka wa 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliwaua watu zaidi ya 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu kutoka makwao. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Septemba 2024 watoto 21 walikufa katika moto wa bweni la shule ya Endarasha, kaunti ya Nyeri. Katika kila msiba tumewahesabu waliokufa. Waliosalia na uhai tumewaambia wamshukuru Mungu, kisha tukawarudisha darasani.

Ni kweli kwamba baada ya misiba hiyo washauri hupelekwa. Lakini hebu tulichunguze hilo neno tunalolitumia. Tunasema "ushauri nasaha". Shauri ni rai anayopewa mtu, na nasaha ni maonyo mema. Tumeyafunga pamoja maneno mawili yenye maana karibu moja, na yote mawili yanamweka mmoja juu kama msemaji na mwingine chini kama msikilizaji. Si ajabu basi kwamba mwanafunzi anayeitwa katika ofisi ya ushauri nasaha huingia akidhani anakwenda kukemewa kwa upole. Katika shule kadhaa nilizozizuru, mwalimu wa ushauri ndiye huyo huyo aliye katika kamati ya nidhamu. Mtoto atamfunulia vipi moyo wake leo mtu atakayempa adhabu kesho?

Neno la pili ni "kiwewe". Katika matumizi ya kawaida, kiwewe ni ile hali ya kubabaika inayompata mtu kwa fadhaa au hofu kuu. Huja na hupita. Wataalamu wetu wameliazima neno hili ili kuitaja hali ambayo haipiti, na wengi wetu tumebaki na maana ile ya zamani. Ndiyo maana mzazi humshangaa mwanawe akisema, "Mwaka mzima sasa, bado tu una kiwewe?"

Hali inayozungumzwa na wataalamu ina dalili zinazotambulika. Ya kwanza ni kwamba tukio hurejea bila kuitwa, ama kwa jinamizi usiku ama kwa picha za ghafla mchana, na mwili ukashtuka kana kwamba hatari iko papo hapo. Ya pili ni kwamba mtu huepuka kila kinachomkumbusha tukio: barabara fulani, harufu ya moshi, hata mazungumzo. Ya tatu ni kwamba hukaa macho daima kama mlinzi, akishtushwa na mlio mdogo tu. Aghalabu dalili hizi hupungua zenyewe baada ya majuma machache, na watu wengi hupona kwa upendo wa jamaa na marafiki. Zikizidi mwezi mmoja, zikamzuia mtu kusoma, kufanya kazi au kulala, hapo ndipo mtaalamu anapohitajika. Huo si udhaifu wa imani wala uzembe.

Tena, si kila kinachofanywa kwa nia njema husaidia. Shirika la Afya Duniani halipendekezi desturi ya kuwakusanya walionusurika katika kikao kimoja, mara tu baada ya msiba, na kuwahimiza wasimulie yote waliyoyaona. Linalofaa siku za mwanzo ni jambo la kawaida sana: kuwapa usalama, maji na blanketi, kuwakutanisha na jamaa zao, kumsikiliza anayetaka kusema na kumwacha asiyetaka. Matibabu yenyewe huja baadaye kwa yule ambaye dalili zake zimekataa kuondoka, nayo huchukua majuma au miezi. Zipo tiba za mazungumzo zilizothibitishwa, ambamo mtaalamu humwongoza mgonjwa, hatua kwa hatua na kwa kadiri anavyomudu, kulikabili kumbukizi lile hadi lipoteze makali. Shabaha ya tiba hizo ni kulirudisha tukio mahali pake, yaani katika wakati uliopita, bila kumtaka mtu asahau wala ajikaze. Mwanaisimu anaweza kusema kwamba mgonjwa husaidiwa kuhama kutoka kiambishi "na" hadi kiambishi "li": kutoka "ninaungua" hadi "niliungua".

Swali linalobaki ni hili: mtaalamu huyo atapatikana wapi, na atajulikana vipi? Kwanza tutofautishe watu watatu. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari, na anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia hupima hali ya nafsi na kutibu kwa mazungumzo. Mnasihi humsaidia mtu kupitia matatizo ya maisha, na baadhi yao wamepata mafunzo zaidi ya kutibu kiwewe. Tangu mwaka wa 2014 tunayo sheria ya wanasihi na wanasaikolojia iliyounda bodi ya kuwasajili. Kwa hiyo ni haki yako kuomba kuonyeshwa cheti cha usajili. Uliza pia amewahi kuwatibu watu wangapi wenye tatizo kama lako, hutumia tiba gani, vikao vitakuwa vingapi na siri zako atazihifadhi vipi. Mtaalamu wa kweli hatakasirika. Yule anayekuahidi kupona kwa siku moja, anayekulazimisha kusimulia yote katika kikao cha kwanza, au anayeanza kwa kukulaumu, huyo mkimbie.

Gharama ni kikwazo kikubwa. Saa moja kwa mwanasaikolojia wa kibinafsi jijini yaweza kumeza ujira wa siku kadhaa wa kibarua. Kwa hiyo ni busara kuanzia hospitali ya umma iliyo karibu na kuomba kuelekezwa kwenye kitengo cha afya ya akili. Hospitali kuu za rufaa, kama ile ya Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret, zinavyo vitengo hivyo. Vyuo vikuu vingi vina wanasihi wasiowatoza wanafunzi ada. Kwa simu, watoto wana nambari 116, nalo shirika la Msalaba Mwekundu lina nambari 1199. Ipo pia Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka wa 1910, ambayo jina lake tumeligeuza kuwa tusi. Kila tunapomtania mwenzetu kwamba "anafaa kupelekwa Mathari", tunamwongezea aliye mgonjwa kweli sababu ya kutokwenda.

Kuna kikwazo kingine kisichotajwa sana, nacho ni lugha. Wataalamu wetu husomeshwa kwa Kiingereza, na fomu zao zimeandikwa kwa Kiingereza. Lakini mtu anayelia hulia kwa lugha ya mama yake. Nimewasikia wanafunzi wakiyasimulia masaibu yao kwa Kiingereza kwa sauti kavu, kama wasomao taarifa ya habari, na wakabubujikwa na machozi mara walipohamia Kiswahili au Kikamba. Mgonjwa ana haki ya kumwomba mtaalamu wazungumze lugha anayoimudu. Nasi walimu wa lugha tuna deni la kuwatengenezea wataalamu hao istilahi zinazoeleweka na mwananchi wa kawaida.

Asidhani mtu kwamba haya ni ndoto za wasomi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017, wanawake zaidi ya 400 wa vitongoji vya Nairobi, wengi wao waliopitia dhuluma za kijinsia, walishirikishwa. Baadhi yao walihudumiwa na wahudumu wa afya wa kijamii ambao hawakuwa wanasaikolojia, bali walikuwa wamefunzwa na kusimamiwa vyema. Vikao vilikuwa vitano tu, na waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko wale waliopewa huduma za kawaida. Ikiwa hilo liliwezekana kule, halishindikani katika shule zetu, mradi mwalimu wa ushauri apewe mafunzo, apunguziwe vipindi, na aondolewe kabisa katika kamati ya nidhamu.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Mwanafunzi anayebadilika ghafla, asiye na usingizi, anayekwepa chumba fulani au anayeruka kwa mlio wa kengele, asiitwe mtoro kabla ya kuulizwa. Akikuambia lililompata, usitafute methali ya kumjibu. Mwambie, "Nimesikia, na pole sana," kisha umsindikize hadi kwa mwenye ujuzi. Kumsindikiza ni bora kuliko kumtuma, kwa maana wengi hugeukia njiani.

Yule kijana nilikutana naye tena baada ya miaka miwili, amerudi kumalizia masomo. Muuguzi mmoja wa zahanati ndiye aliyemwelekeza kwa mwanasaikolojia wa hospitali ya umma, na walionana kila juma kwa miezi kadhaa. Nilimwomba radhi. Akatabasamu akaniambia, "Mwalimu, yule daktari hakuniambia nisahau hata siku moja."

Siku hizi mlango wa ukumbi ule nauacha wazi ninapofundisha, na kelele za nje tumezizoea. Tuyagange yaliyopita kwa wale ambao kwao ni ndwele, ndipo nao watakapoweza kuyaganga yajayo.