Neno Moja, Asili Mbili

Mara nyingi tumewaona walimu wanafunzi, wakati wa mazoezi ya kufundisha, wakiandika ubaoni orodha ya maneno ya Kiingereza, na mbele ya kila neno maana moja ya Kiswahili. Watoto hunakili, hukariri, na somo huhesabiwa limekwisha. Njia hii ni nyepesi, lakini kwa maoni yetu ina hasara kubwa.

Tuchukue neno "school". Mtoto aliyekariri kwamba maana yake ni shule, akikuta kitabuni "a school of fish", atasema "shule ya samaki". Darasa litacheka, na mwalimu asiye mwangalifu atamkemea. Lakini kosa ni la nani? Mtoto ametumia kwa uaminifu kile alichofundishwa.

Kwa hakika hayo ni maneno mawili yaliyokutana katika tahajia moja. La kwanza asili yake ni Kigiriki, "skhole", yaani wasaa. Baadaye likawa jina la mazungumzo ya elimu yaliyofanyika katika wasaa huo, kisha la mahali penyewe. Kilatini kikalichukua kuwa "schola", nalo likafika Uingereza. La pili, lile la samaki, lilitoka katika Kiholanzi cha Zama za Kati, na maana yake ni kundi.

Historia hiyo haiko mbali nasi. "Shule" tuliipata kwa Wajerumani, waliotawala Tanzania Bara ya leo hadi Vita Kuu ya 1914–1918. "Skuli" ya Zanzibar ilitoka katika Kiingereza. Yote mawili ni wajukuu wa neno lile la Kigiriki. Hata "chuo" chetu, zamani kilikuwa kitabu, na tena mahali watoto waliposomeshwa Kurani.

Hatusemi kwamba mtoto wa shule ya msingi afundishwe Kigiriki. Tunasema kwamba mwalimu hana budi kujua kuwa maneno yana safari, na kwamba maana hukaa ndani ya sentensi, si ndani ya orodha. Basi neno lifundishwe kwa sentensi, kwa picha na kwa vitendo. Mtoto akisema "shule ya samaki", mwalimu asimkemee, amwulize, "Je, samaki hawa wanasoma, au wanaogelea pamoja?" Mtoto atafikia maana mwenyewe, na hataisahau.

Swali hilo litachukua dakika chache za kipindi. Tusizionee uchungu, kwani Wagiriki waliipa elimu jina la wasaa.