Zimwi Katika Kitabu cha Mtoto

Hakuna mtoto aliyepata kuomba ruhusa ya kuogopa. Hofu humjia kabla ya maneno, naye hulijua giza kabla ya kulijua jina lake. Kwa sababu hiyo, wale waulizao kama yafaa watoto wadogo wasomewe vitabu vya kutisha huliuliza swali lao kombo. Hofu imo ndani ya mtoto tayari. Neno lililobaki ni kama watu wazima watamfundisha namna ya kukaa nayo, au watamwacha nayo peke yake kitandani taa ikizimwa. Nchini Marekani swali hili huamka kila mwaka mwezi wa Oktoba ukikaribia kwisha, wakati maktaba na shule za watoto wadogo zijaapo vitabu vya picha vya wachawi, mizuka, mifupa itembeayo na maboga yenye macho ya moto. Majibu yatolewayo mara nyingi ni mabaya, na ubaya wake una nyuso tatu. Wako wanaokifungia kitabu, wako wanaoking'oa meno, na wako wanaokigeuza kuwa karatasi ya mazoezi. Watatu hawa hudhani wanapingana, kumbe kazi yao ni moja.

Sikukuu yenyewe, iitwayo Halloween, huangukia usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa siku ya Watakatifu Wote katika kalenda ya Kikristo. Mila zake nyingi zilitoka Ireland na Uskoti, ambako mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi ulihesabiwa kuwa wakati ambapo wafu huyakaribia makao ya walio hai. Wahamiaji wa Ireland, waliovuka bahari kwa wingi kwa sababu ya njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, walikwenda na mila hizo. Na huko ng'ambo taa zilizokuwa zikichongwa katika mizizi minene ya shambani zikaanza kuchongwa katika maboga. Desturi ya watoto kuvaa mavazi ya kuigiza na kupita mlango kwa mlango wakiomba peremende ilienea katika karne ya 20. Desturi hiyo ina hekima ambayo wengi waifuatao hawaitambui. Mtoto avaaye shuka na kujifanya mzuka hujivika kitu akiogopacho, akatoka gizani, akabisha kwa jirani, akafunguliwa kwa kicheko. Kitabu chema cha picha hufanya kazi iyo hiyo, isipokuwa mlango wake ni jalada, na jirani ni yule mtu mzima anayekisoma.

Kundi la kwanza, la wafungiao vitabu, lina historia ndefu, na mfano wake mkubwa haukutoka kwa mjinga bali kwa mtaalamu. Mwaka 1963 Maurice Sendak alitoa Where the Wild Things Are, kitabu kilichopata nishani ya Caldecott mwaka 1964. Hakikuandikwa kwa ajili ya Halloween, lakini shujaa wake amevaa vazi la mbwa mwitu, na kesi yake ni mama wa kesi zote za namna hii. Mtoto Max anafanya utundu, anapelekwa kulala bila chakula, anasafiri hadi nchi ya madubwana, anawakodolea macho mpaka wanatulia na kumfanya mfalme, kisha anarudi chumbani mwake na kukuta chakula kinamngoja, tena kingali moto. Mwaka 1969 Bruno Bettelheim, aliyesifika sana kwa elimu ya nafsi za watoto, alikilaumu kitabu hiki katika gazeti la Ladies' Home Journal, akiona kwamba kumnyima mtoto chakula na kumwacha peke yake ni kumtia hofu kubwa mno. Alitoa lawama hiyo bila ya kukisoma kitabu, kwa kusikia habari zake tu kwa akina mama. Miaka saba baadaye, mwaka 1976, Bettelheim huyo huyo alitoa The Uses of Enchantment, akishika kwamba hadithi za kale zenye majitu, wachawi na mauti humsaidia mtoto kuzipanga hofu zake. Kitabu hicho kinasimama kama rufani iliyokatwa na hakimu dhidi ya hukumu yake mwenyewe. Wafungiao vitabu hadi leo huirudia hukumu ya 1969, nao huihukumu hofu ya katikati ya kitabu bila ya kungoja chakula cha moto cha ukurasa wa mwisho.

Na ukurasa wa mwisho ndio siri ya kazi hii. Katika Go Away, Big Green Monster! cha Ed Emberley, kilichotoka mwaka 1992, kurasa zimetobolewa, hata kila ukurasa ukifunuliwa dubwana huongezeka kiungo: macho, pua, kinywa chenye meno, masikio, nywele. Likikamilika, mtoto hupewa neno la kuliamuru liondoke, na kila akifunua, kiungo kimoja huondoka, mpaka panabaki weusi mtupu. Mtoto wa miaka mitatu asiyeweza kufunga kamba za viatu vyake amelijenga dubwana kwa mkono wake, na kwa mkono huo amelibomoa. Katika The Little Old Lady Who Was Not Afraid of Anything cha Linda Williams, cha mwaka 1986, bibi mzee anatembea usiku msituni akifuatwa na viatu vitupu, suruali, shati, glavu, kofia, na mwisho kichwa cha boga. Anakimbia, maana ushujaa wake si wa kutoona hatari. Lakini vile vitu vikija kumbishia mlango, haviui wala havifukuzi. Anavipa kazi. Kunapokucha vimeunganishwa pamoja, vimekuwa sanamu ya kutishia ndege shambani. Ni vigumu kupata fundisho la hofu lililo fupi zaidi ya hilo: kitu kilichomtisha bibi usiku, mchana kinamlindia mazao.

Wasomaji wa Kiswahili hawana haki ya kulitazama jambo hili kama mambo ya ugenini. Katika mkusanyo wa hadithi za Unguja uliotolewa na Edward Steere mjini London mwaka 1870 imo hadithi ya Sultani Majinuni. Paka wa sultani anakula mifugo midogo. Watu wanashitaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Paka anahamia kwenye mifugo mikubwa, kisha kwa watoto wa watu, kisha kwa wana wa sultani mwenyewe, naye amekwisha kuwa nunda, mla watu. Mwana mdogo ndiye atokaye kumtafuta mpaka akamwua. Ondoa damu katika hadithi hiyo, na haki imeondoka pamoja nayo. Mtoto asiyemwogopa nunda hawezi kuelewa kosa la sultani, yaani ya kuwa ubaya usioadhibiwa ungali mdogo humrudia mwenye kuulea. Leo familia nyingi zisemazo Kiswahili, zikiwamo za wakimbizi kutoka Kongo, zinaishi Marekani, na watoto wao huketi mkekani pamoja na wenzao kusikiliza vitabu vya Oktoba. Mzazi wa familia hizo ashangaaye kwamba Wamarekani huwatisha watoto wao amesahau jinsi wazee wake walivyomlea.

Kundi la pili halipigi kelele, nalo linapendeza zaidi, kwa hiyo linadhuru zaidi. Hili ni kundi la biashara. Mwaka 2023 shirikisho la wenye maduka ya rejareja la Marekani lilikadiria kwamba wananchi wangetumia dola bilioni 12.2 kwa ajili ya Halloween, katika peremende, mavazi na mapambo. Vitabu vingi huelea juu ya mafuriko hayo. Mna mzuka ndani yake, lakini mzuka huyo hataki neno ila rafiki. Mna mchawi, lakini mchawi huyo amepotewa na kofia tu. Na mwisho wote wanakula peremende. Kitabu cha namna hiyo hakimdhuru mtoto kwa kumtisha. Humdhuru kwa kumwambia uongo, ya kwamba hapakuwa na kitu cha kuogopwa tangu awali. Mtoto anajua kipo. Basi hujifunza kwamba vitabu havisemi kweli, na hofu yake hurudi nayo kitandani kama alivyokuja nayo.

Isidhaniwe kwamba kosa ni kicheko. Room on the Broom cha Julia Donaldson, chenye picha za Axel Scheffler, kilichotoka mwaka 2001, kinachekesha tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini joka lake kweli limekusudia kumla mchawi, na mchawi huokolewa kwa sababu wanyama aliowapa nafasi juu ya ufagio wake wanajikusanya na kuwa dubwana moja la matope. Kicheko hicho kimesimama juu ya hatari, ndiyo maana kina uzito. Kwa watoto wakubwa kidogo umepatikana ushahidi mwingine. Vitabu vitatu vya Alvin Schwartz, Scary Stories to Tell in the Dark na wenziwe, vilivyotoka kati ya mwaka 1981 na 1991 vikiwa na picha za Stephen Gammell, vilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya chama cha maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyopingwa zaidi katika miaka ya 1990. Marufuku hazikuviua. Mwaka 2011 vilitolewa upya kwa picha za mchoraji mwingine zilizokuwa za upole zaidi. Wasomaji wakalalamika, na baadaye picha za kwanza zikarudishwa. Waliolalamika walikuwa wale waliotishwa na picha hizo utotoni. Wangalitarajiwa kushukuru, badala yake walidai hofu yao irudishwe, kwa sababu walijua iliwapa nini.

Kundi la tatu lina nia njema kuliko yote, nalo ni la walimu wa mazoezi. Mwalimu amesoma habari za bibi mzee na viatu vitembeavyo. Watoto wamenyamaza, mmoja amemshika mwenzake mkono. Kabla kimya hicho hakijafanya kazi yake, inagawiwa karatasi: hesabu maboga, yatie rangi, zungushia duara herufi ya kwanza. Kimya kimevunjwa, na mtoto amefahamishwa kwamba yale aliyoyasikia yalikuwa kisingizio cha hesabu. Hapana ubaya katika hesabu. How Many Seeds in a Pumpkin? cha Margaret McNamara, cha mwaka 2007, ni kitabu cha hesabu, na mbegu huhesabiwa kwa sababu hadithi yenyewe inataka kujua ni boga lipi lenye nyingi. Ubaya ni kazi isiyozaliwa na kitabu. Kitabu cha bibi mzee kina kazi zake: watoto wapige miguu pamoja na viatu, wapige makofi pamoja na glavu, watikise vichwa pamoja na kofia, mpaka mwili wenyewe uichezee hofu. Kitabu cha Emberley kinataka mtoto akate dubwana lake la karatasi, kisha aliondoe kiungo kwa kiungo. Na Pumpkin Jack cha Will Hubbell, cha mwaka 2000, ambamo boga lililochongwa hutupwa bustanini likaoza wakati wa baridi na kuchipua upya baadaye, kinataka boga la kweli, udongo wa kweli, na subira ya miezi. Mtoto aliyetazama boga likioza na kuota ameonyeshwa habari ya mauti kwa adabu kuliko mahubiri mengi.

Zipo hoja mbili zistahilizo jibu la heshima. Ya kwanza ni ya dini. Wako Waislamu na Wakristo wasiotaka watoto wao washiriki sikukuu hii, na haki hiyo ni yao. Mwalimu amwaibishaye mtoto wa watu hao mbele ya wenziwe amekosa. Lakini kuikataa sikukuu si kuikataa hadithi. Mzazi azuiaye kitabu cha Oktoba amejitwika deni: imempasa kumpa mwanawe nunda na zimwi wake mwenyewe, kwa sauti yake, usiku. Akizuia pasipo kutoa, amemwachia mtoto giza tupu. Hoja ya pili ni ya mtoto mwororo. Umri wa miaka miwili si umri wa miaka mitano, na picha hukaa machoni baada ya maneno kusahauliwa. Tena wamo madarasani watoto waliokimbia vita, ambao mlango uliobishwa usiku kwao haukuwa mchezo. Hao wasilazimishwe hata kidogo. Yampasa mtu mzima akisome kitabu kwanza peke yake, amketishe mtoto karibu, na ampe mamlaka ya kukifunga wakati wowote apendao. Lakini hoja hii inadai uangalifu wa msomaji. Haidai kufungiwa kwa kitabu. Daktari hapimi dawa kwa kuimwaga.

Maktaba haina haja ya kuficha vitabu hivi, wala shule haina haja ya kuvipamba. Mtoto aliyelishinda dubwana la karatasi akiwa ameegemea kifua cha mama yake atakutana baadaye na mambo yasiyofunikwa kwa jalada: ugonjwa, msiba, dhuluma ya wenye nguvu. Ama atakuwa amewahi kuogopa hali ameshikwa mkono, ama itakuwa ndiyo mara yake ya kwanza. Wanaokifungia kitabu, wanaoking'oa meno na wanaokizika chini ya karatasi za mazoezi wamemchagulia hiyo ya pili, nao huita uchaguzi huo huruma.