Jani Lisomwe Kabla ya Dawa Kununuliwa

Sima ya jioni huanza shambani, na kwa nyumba nyingi za Kwale, Kilifi na Lamu shamba hilo hulimwa kwa mikono ya akina mama. Kwa hivyo wiki hii tumeonelea tuzungumzie maradhi ya majani ya mahindi, na hasa pesa zinazopotea kwa kuyatibu pasi na kuyajua.

Jani ni jiko la mmea. Ndani yake, kwa nguvu za jua, hupikwa chakula cha kujaza punje. Majani yakiharibika mapema, mavuno hupungua hata kama mvua ilikuwa njema. Ndipo wengi wetu hukimbilia dukani na kuuziwa chupa ya dawa, ilhali hakuna aliyeuliza jani lina alama gani.

Alama ni tatu zinazofaa kujulikana. Mistari myembamba ya manjano, iliyokatikakatika na kufuata urefu wa jani, ni ugonjwa wa milia. Vipele vya rangi ya kahawia au ya machungwa, ambavyo ukivipangusa kwa kidole huacha unga, ni kutu. Madoa marefu ya kijivu yenye umbo la mstatili, yanayoanzia majani ya chini na kupanda juu, ni madoa ya kijivu. Kutu na madoa huletwa na ukungu, bali milia huletwa na virusi, na mbebaji wake ni mdudu mdogo arukaye, afyonzaye maji ya majani. Mtaalamu H. H. Storey alilithibitisha hilo huko Afrika Kusini katika miaka ya 1920, kabla ya kuhamia kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara. Takriban miaka 100 imepita, na bado dawa ya ukungu hunyunyiziwa milia, nayo haiwezi kuiponya hata kidogo. Hiyo ni israfu, na pengine ndiyo iliyokuwa karo ya mtoto.

Kila ugonjwa una makazi yake. Virusi vya milia hukaa katika nyasi za pembeni mwa shamba, vikingoja mdudu. Ukungu wa madoa hulala katika mabua ya msimu uliopita. Kutu huhitaji mmea ulio hai, na hupeperushwa na upepo kutoka shamba hadi shamba. Kwa sababu hiyo hakuna dawa moja inayotosha, bali hatua kadhaa zishikane.

Tuanze na mbegu. Pwani Hybrid 1 na Pwani Hybrid 4 zilitolewa kwa ajili ya nyanda za chini za pwani, na kabla ya kununua mbegu yoyote tuulize inastahimili maradhi gani. Kituo cha KALRO kilichoko Mtwapa na maafisa wa kilimo wa kaunti ndio wa kuulizwa. Pili, tupande mvua za masika zinapoanza, na majirani tupande pamoja, kwa kuwa mche uliochelewa hukutana na wadudu waliokwisha kuzaana. Tatu, tufyeke nyasi, na mche mchanga wenye milia ung'olewe mapema. Nne, mabua ya shamba lenye madoa wapewe ng'ombe au yafukiwe, na msimu unaofuata shamba hilo lipandwe kunde, pojo au muhogo, ili ukungu ukose chakula.

Dawa ya ukungu ije mwisho, na kwa kutu au madoa tu, yanapoonekana kupanda kabla ya mahindi kuchanua. Aliyeandikiwa nyumba yenye watoto asome karatasi ya chupa, hasa siku za kungojea kabla ya kula, kwani mahindi mabichi ya kuchoma huvunwa mapema. Nguo za mnyunyizaji zifuliwe peke yake, na chupa tupu isitiwe maji wala mafuta ya kupikia.

Basi wiki hii, kabla ya fedha kutoka mkononi, na tuingie shambani asubuhi, tupindue majani kumi ya sehemu mbalimbali, tuyapanguse kwa kidole na kuyatazama vyema. Tukisha kujua tunachopigana nacho, inshallah chupa nyingi zitabaki dukani na sima itabaki mezani.