Kikombe nacho kinahesabiwa

Mtu akiambiwa na mwuguzi aache chakula fulani kwa muda, ili ijulikane kama ndicho kinachomletea upele au kuhara, macho yake yanaenda kwenye sahani. Anaacha karanga katika sombe, anaacha mayai, anaacha maziwa ya mtindi. Halafu saa kumi anapita sokoni na kunywa chai yenye maziwa ya unga. Wiki mbili zikiisha anasema: "Nimeacha kila kitu na sijaona tofauti." Hakuacha. Alikula vizuri akakosea katika kunywa.

Kuacha huku kuna utaratibu wake. Kile mnachoshuku kinaondoka kabisa kwa wiki 2 hadi 4, kisha kinarudishwa kidogo kidogo, kitu kimoja kwa wakati wake, na unangoja siku 3 au zaidi kabla ya kurudisha kingine. Kijiko kimoja cha maziwa kila siku katika kikombe kinaharibu hesabu yote.

Tuanze na maji, maana hapa Kindu maji ni neno zito. Wengine wanachota Lualaba, wengine kisimani, wengine bombani. Maji machafu yanaleta kuhara kulekule na maumivu yaleyale ya tumbo tunayoyasingizia maziwa au maharage. Mama akibadilisha chakula bila kutengeneza maji, hatajua kamwe ni nini kilichokuwa kinamsumbua. Chemsha mpaka yatokote kabisa, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, yaweke katika bidoni safi yenye kifuniko. Fanya hivyo siku kadhaa kabla ya kuanza. Huenda tumbo likatulia hapohapo, na chakula chako kikabaki mezani.

Baada ya maji, kunywa kile ambacho unaweza kutaja kila kitu kilichomo. Mchaichai, chai kavu, tangawizi uliyotwanga mwenyewe, nanasi au marakuja uliyoikamua nyumbani, mradi tunda hilo halishukiwi. Tangawizi ya barabarani tuiache kwa muda huu. Wauzaji si watu wabaya, tena wengine ni wanachama wenzetu, lakini hatukuona kilichotiwa ndani.

Hatari kubwa iko katika unga. Unga wa kakao wa kopo mara nyingi una maziwa na shayiri. Unga mweupe wa kulainisha kahawa, hata ule usioitwa maziwa, unaweza kuwa na protini ya maziwa. Uji wa lishe wa mahindi, soja na karanga ni mzuri sana kwa mtoto, ila kwa mtu aliye katika majaribio unabeba washukiwa watatu katika kikombe kimoja. Soma kopo: tafuta "lait", "lactosérum", "caséine", "soja", "arachide", "blé". Asiyejua Kifaransa amwombe mtoto wa shule, watoto wanapenda kazi hiyo.

Kuna wanaohamia maziwa ya mbuzi. Hayasaidii, protini yake inafanana sana na ya ng'ombe. Mtindi nao umepungua sukari ya maziwa tu, protini imebaki. Soja inawafaa baadhi ya watu, lakini wapo watoto wanaodhurika na maziwa na soja pia.

Kwa watoto wachanga tuwe wakali. Chini ya miezi 6 mtoto ananyonya tu: hapewi maji, hapewi mchaichai. Kama mwuguzi anashuku chakula, anayeacha ni mama, na kunyonyesha kunaendelea. Mtoto aliyekwisha kuzoea maziwa ya ng'ombe msimwondolee kwa kuambiwa na jirani. Mwende kituo cha afya, apimwe uzito, mjue atapata nini badala yake. Akihara, pakiti ya chumvi na sukari ya kituo, ile inayochanganywa katika lita 1 ya maji safi, inaruhusiwa hata katikati ya majaribio. Na mtu aliyewahi kuvimba midomo au kukosa pumzi baada ya kula, asirudishiwe chakula hicho nyumbani. Kazi hiyo ni ya daktari.

Inabaki aibu ya ugenini. Kwenye kilio au kwa mama mkwe kikombe cha chai ya maziwa kinakuja bila kuulizwa, na kukikataa ni kazi ngumu. Sema mapema, kabla hakijamiminwa: "Mama, niko kwenye dawa, nipe ya kavu." Hakuna atakayekasirika kwa ajili ya dawa.